TAHADHARI: Anauza "ukindu wa Pemba" kwa picha, anakuletea plastiki

Assalaam aleikum ndugu zangu. Yupo muuzaji mitandaoni anayejitangaza kuwa ana mapambo ya asili kwa wanaokaa kwenye fleti na vyumba vidogo: mikeka ya ukindu (majani ya mkindu) "ya Pemba halisi", makawa ya kutundika ukutani, taa za vifuu, rafu za boriti za mkoko. Picha zake zinavutia na maneno yake matamu. Tafadhali msimtumie pesa. Keshamtapeli wifi yangu hapa Michenzani, mjini Unguja, na nilipoanza kuuliza nikasikia habari hiyo hiyo kutoka Wete, kule Pemba, kwa dada mwingine aliyekuwa anapamba nyumba yake mpya.

Jina la ukurasa wake halitawasaidia, maana kila akilalamikiwa anafuta na kuja na jingine. Mjueni kwa mtindo wake. Kwanza anataka nusu ya pesa mbele, ati ya kununulia ukindu. Ukishatuma anakwambia mzigo umeshapakiwa bandari ya Mkoani, Pemba, uko njiani. Halafu ujumbe unabadilika: mzigo umezuiwa bandarini, kuna malipo kidogo, ongeza ili utolewe leo leo. Wifi yangu alitoa laki na nusu za mwanzo, akaongeza elfu arubaini za hiyo "bandari". Nilishuka bandarini Malindi, hapa mjini, mwenyewe kuulizia na hakuna mzigo wowote uliokuja kwa jina lake. Baadaye vitu vililetwa na kijana wa bodaboda ambaye hana kosa, kazi yake kubeba tu, naye akatwambia kavichukua Darajani, sokoni hapa hapa mjini. Kumbe hakuna kilichovuka bahari! Tunafungua mzigo, simu ya muuzaji imeshazimwa.

Niuelezee mkeka wenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Ukiutandika sakafuni na kusimama mbali, ni mkeka mzuri: zambarau, kijani, na ile rangi ya majani makavu. Nikaugeuza. Mkeka wa ukindu una mshono, kwa sababu kinachosukwa kwanza ni ukili, yaani utepe mrefu mwembamba, kisha ukili huo hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka utimie. Ukipitisha kidole unauhisi kila mshono, na utaona ukili umebana hapa na kulegea kidogo pale, kwa kuwa ni kazi ya mkono. Ule haukuwa na mshono hata mmoja. Umefumwa na mashine kipande kizima, na pembeni umezungushiwa kitambaa kuficha ncha. Nikakata kijiuzi nikakiwasha kiberiti: kikajikunja, kikayeyuka, kikadondosha tone jeusi, na harufu ya plastiki ikajaa jikoni. Ukindu huungua kama jani kavu, ukaacha jivu. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Micheweni ambaye kashona mikeka tangu usichana wake, aliushika kidogo tu akasema, "Huu haujaota popote."

Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya pesa. Ukindu hukatwa makuti machanga, ukaanikwa juani, ukachanwa chane, ukachemshwa na rangi, ndipo ukasukwa na kushonwa. Mkeka mmoja mkubwa ni wiki na wiki za mwanamke aliyekaa barazani baada ya kumaliza kazi zote za nyumba. Huyu tapeli anachukua jina la kazi hiyo, anauza plastiki kwa bei ya chini, kisha akinamama wakileta mikeka yao mjini wanaambiwa "mbona ghali?". Na mwenye kuahidi mikeka kumi ya kipimo kimoja kwa siku mbili, huyo hana mshonaji hata mmoja nyuma yake.

Kwenye rafu ndiko kwenye hatari kwa afya. Boriti za mkoko sote tunazijua, ndizo zilizobeba dari za Mji Mkongwe miaka yote hii, na ni ngumu kuliwa na wadudu. Alizoleta huyu ni mivinje mibichi, imemenywa gome na kupakwa oili chafu ya gari ili ionekane nyeusi na ya kizamani. Fleti yenyewe chumba na ukumbi, madirisha mawili. Ukiingia tu kichwa kinaanza kugonga. Baada ya muda tukaona unga laini sakafuni chini ya rafu, na ukiangalia mti kwa karibu una vitundu kama vilivyotobolewa kwa sindano. Wadudu walikuwamo tangu mwanzo na sasa wanatoka. Mwenye rafu kama hizi azitoe nje ya nyumba, hasa palipo na watoto, wala asizifanye kuni za kupikia. Na hata angeleta mikoko kweli, kukata na kusafirisha mazao ya misitu hapa Zanzibar kunataka kibali. Mwambie akuonyeshe kibali uone atakavyogeuza mazungumzo.

Lipo na jingine. Alimpa wifi yangu "ofa" ya gamba la ng'amba la kutundika ukutani. Kasa wanalindwa na sheria, na biashara ya ng'amba kati ya nchi na nchi imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Ukinunua gamba hilo umejiingiza kwenye kosa wewe mwenyewe, achilia mbali ukikamatwa nalo uwanja wa ndege.

Mwenye kutaka vitu vya asili avipate, wala sisemi muache. Mkeka wa ukindu kwenye sakafu ya saruji unapoza chumba, jamvi la miyaa lina bei nafuu, na kamba za usumba zinazosokotwa na akinamama wa Jambiani na Paje, wanaofukia makumbi ufukweni kwa miezi ndipo wakayaponda, zinafungia rafu na taa vizuri sana. Lakini kanunue kwa mkono. Geuza, nusa, tafuta mshono. Muulize muuzaji ukindu umetoka wapi na nani kashona. Muuzaji wa kweli atakuchosha kwa maelezo, pengine atakutajia na kijiji. Kama lazima uagize kutoka Pemba, mtume jamaa akaone kitu kwa macho, na pesa itoke mzigo ukiwa mbele yako. Kabla ya kuthibitisha malipo ya simu, soma jina linalotokea: kwa wifi yangu lilitokea jina la mwanamme ilhali ukurasa unajiita wa "Bi" fulani, na alipouliza akaambiwa ni namba ya mume. Hapo pa kusita.

Kwa aliyekwisha kutapeliwa: usifute ujumbe wala risiti ya muamala. Namba ya tapeli itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, ipo kwa ajili ya kuripoti utapeli wa simu, kisha nenda kituo cha polisi ukiwa na vitu vyenyewe. Sisi tumeshakwenda, mkeka na kipande cha boriti vimeachwa kituoni, na yule dada wa Wete anakwenda kuandikisha maelezo yake huko huko Pemba. Tukiwa wengi wenye malalamiko ya namba moja, askari wana pa kuanzia.