Yamaha RX-V4A, RX-V6A na Denon AVR-X1800H: niliyoyapima kabla ya kununua

Ninaposema risiva simaanishi king'amuzi cha televisheni, ambacho wengi wetu hukiita kwa jina hilohilo, bali kile chombo kinachopokea picha na sauti kutoka vifaa vyote vya sebuleni, kikaipeleka picha kwenye runinga na kuigawa sauti kwa spika zilizouzunguka ukumbi. Nililinganisha tatu: Yamaha RX-V4A, kaka yake RX-V6A, na Denon AVR-X1800H.

Wati ndizo zinazowapoteza wanunuzi wengi, kwa kuwa tumezoea sabufa ambazo boksi lake hutangaza maelfu ya wati ilhali kibandiko cha nyuma kinakiri kwamba chombo chenyewe hakivuti umeme hata wa wati mia moja. Hizi tatu zina takwimu za kweli zaidi: V4A na Denon hutoa wati 80 kwa kila chaneli, yaani njia ya sauti ya spika moja, na V6A wati 100, ingawa vipimo hivyo vilichukuliwa chaneli mbili tu zikifanya kazi, hivyo spika zote zikinguruma pamoja kila moja hupata pungufu. Hata hivyo, tofauti kati ya wati 80 na 100 haifiki desibeli moja, kipimo cha ukubwa wa sauti, na sikio halitaitambua. Kupata desibeli tatu tu kunahitaji wati maradufu. Anayeipenda V6A basi aipende kwa sababu nyingine, kama vile matundu yake saba ya kuingizia HDMI, ule waya unaobeba picha na sauti pamoja, dhidi ya sita ya Denon na manne ya V4A.

V4A ina chaneli tano na haina Dolby Atmos, ule mfumo wa sauti zinazoshuka kutoka juu, wakati zile mbili nyingine zina chaneli saba na zinao. Nyumba yangu ni ya kupanga na siruhusiwi kutoboa dari, kwa hiyo jambo hilo peke yake lisingenitoa kwa V4A. Kilichonitoa ni sebule yenyewe: sakafu ya vigae, kuta tupu na madirisha makubwa ya vioo, chumba ambamo hata kikohozi hurudi mara mbili. V4A hupima chumba kwa maikrofoni iliyowekwa mahali pamoja tu, lakini Audyssey MultEQ XT, programu ya kupima chumba iliyomo ndani ya Denon, hupima hadi sehemu nane za kukalia, kisha hurekebisha sauti ili anayekaa pembeni asipate besi ya kuvimba. Zulia zito bado linahitajika, kwa maana hakuna hesabu inayoweza kuunyamazisha mwangwi wote wa vigae.

Anayewaza kununua V4A au V6A iliyokwisha kutumika aulize kwanza kuhusu bodi yake ya HDMI. Matoleo ya mwanzo yalishindwa kupitisha picha kali ya 4K yenye fremu 120 kwa sekunde kutoka Xbox Series X, mashine ya michezo ya video, hata Yamaha ikalazimika kuwabadilishia wateja bodi hizo. Mwenye king'amuzi na deki ya diski tu hana haja ya kuhangaika.

Vilevile, soma kibandiko cha umeme kabla hujasifu bei. Risiva iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia volti 120, na shemeji akikutumia moja kutoka huko ukaichomeka moja kwa moja kwenye volti 230 za Tanzania, utakuwa umenunua moshi. Transfoma ya kushusha umeme ipo, lakini iwe ya uwezo wa kutosha, na gharama yake ijumlishwe kwenye bei tangu mwanzo.

Nilichukua Denon. Haikuniridhisha kwa kila jambo: ina tundu moja tu la kutolea HDMI, na mwenye runinga pamoja na projekta angefaa zaidi kuitazama Onkyo TX-NR6100, yenye matundu mawili. Nimeiweka juu ya rafu iliyo wazi, maana kwa joto la Dar es Salaam kabati la vioo lingeigeuza kuwa jiko.