Sabuni ya kufulia kwa mtu wa Mwanza: anza na mche, unga uje baadaye

Ninaishi juu kwenye mawe, Igogo, nyumba ambayo bodaboda inakushusha chini na ngazi zilizobaki unazimaliza mwenyewe. Maji ya bomba yakikosa nguvu ya kupanda tunanunua kwa dumu, na anayeyapandisha anataka chake juu ya bei ya maji. Ndiyo maana nikilinganisha sabuni siishii kwenye bei ya pakti. Naangalia beseni moja la nguo limekula sabuni ya shilingi ngapi na madumu mangapi mpaka nguo zikafika kwenye kamba. Sabuni ya povu jingi inayotaka kusuuzwa mara nne si nafuu kwa mtu wa mlimani, hata akiipata kwa bei ya jumla.

Kwa hesabu hiyo, namba moja kwangu ni sabuni ya mche.

Najua wengi wameiacha wakiiona ya kizamani. Lakini sisi tuna bahati ambayo wenzetu wengi wa mikoa ya maji ya chumvi hawana: maji ya ziwa ni laini. Haya yanayovutwa Capri Point na Butimba yana chokaa kidogo. Sabuni ya mche hutengenezwa kwa mafuta na kosti soda, na adui yake mkubwa ni chokaa iliyoyeyuka kwenye maji. Vikikutana huganda utando wa kijivu unaoshika kwenye nguo na kuzunguka beseni, na sabuni inaisha kabla haijaugusa uchafu. Uzuri mkubwa wa sabuni ya unga ni kwamba haigandi hivyo. Kwa maji ya bomba ya Mwanza shida hiyo ni ndogo, kwa hiyo kutia unga kwenye kila nguo ni kununua dawa ya ugonjwa usiougua.

Kama unachota kisimani, pima kwanza. Chukua chupa tupu ya maji, ijaze nusu, kwangulia humo sabuni ya mche kidogo, funga, tikisa kwa nguvu. Povu likipanda na kukaa, maji yako ni laini. Povu likikataa na maji yakawa kama maziwa yaliyokatika, hayo ni maji magumu, na hapo unga utakufaa kuliko mche.

Mche wenyewe una namna ya kuununua. Ubonyeze kwa ukucha: ukizama kirahisi, ndani kuna maji mengi, na maji hayo umeyalipia bei ya sabuni. Halafu upime. Siku moja nilimwomba muuza duka wetu aweke miche miwili kwenye mizani, mmoja mmoja. Akaniambia, “Mama, mche ni mche, tofauti ni rangi tu.” Kwa macho ilikuwa sawa kabisa, urefu na unene. Mizani ikasema mengine: ule wa bei ndogo ulikuwa mwepesi kiasi kwamba kwa gramu moja moja ndio uliokuwa ghali. Tangu siku hiyo ananipimia bila kuombwa.

Ukifika nyumbani ukate vipande na kuvipanga penye hewa, visigusane, wiki 2 au 3 kabla ya kutumia. Kipande kikavu hakiyeyuki ovyo mkononi. Na kisilale kwenye beseni! Sabuni nyingi ya mche haiishi kwa kufua, inaishia kwenye maji wakati mtu ameenda kuanika. Paka kwenye nguo iliyoloa, hasa kola, kwapa na pindo za suruali, fikicha, kisha weka kipande pakavu.

Namba mbili ni unga, lakini wa mfuko mkubwa na kwa kazi maalumu.

Kazi maalumu kwetu ni samaki. Wifi yangu anauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na kanga zake akirudi jioni zinajitangaza tangu ngazi ya kwanza. Mafuta ya sangara nayo yakikaukia kwenye nguo, mche peke yake unatoka jasho. Hapa tafuta unga ulioandikwa kwenye mfuko kwamba una vimeng'enya. Hivi ni viini vinavyokatakata protini na mafuta vipande vidogo ambavyo maji yanaweza kuvibeba: utelezi wa samaki, damu, maziwa ya mtoto, mchuzi. Vinahitaji muda kuliko nguvu. Loweka dakika 30 hadi saa nzima kwenye maji ya vuguvugu, kisha ndipo ufikiche. Maji yanayochemka yanaviua, na umebaki na unga wa kawaida uliolipia bei ya juu. Damu na utelezi wa samaki vianze na maji ya baridi siku zote, maana moto unaipika protini ndani ya nyuzi kama yai kwenye kikaango, na doa hilo halitoki tena.

Sasa bei. Vipakti vidogo vya kuning'inia dukani ndivyo vinavyotumaliza. Tuseme mfuko wa kilo 1 ni shilingi 5,000 na kipakti cha gramu 35 ni shilingi 300. Weka bei za dukani kwako, hesabu ni ileile. Gawanya 300 kwa 35, zidisha kwa 1,000: kilo moja ya vipakti imekugharimu zaidi ya shilingi 8,500. Najua si kila mtu ana 5,000 mkononi asubuhi moja. Mimi na majirani wawili tulichanga, tukanunua mfuko mkubwa kwenye duka la jumla mjini, tukagawana kwa mizani kwenye makopo yenye mfuniko. Unyevu ukiingia, unga unashikana mabonge na vimeng'enya vinachoka.

Na usimwage kwa mkono. Kwa maji laini, anza na nusu ya kiasi ulichozoea uone kama nguo zinatakata. Mara nyingi zinatakata.

Namba tatu ni sabuni ya maji inayotengenezwa mtaani na kuuzwa kwenye chupa zilizotumika. Iko nzuri, na nafurahi kina mama wanapata riziki kwayo. Ila usidanganywe na uzito. Sabuni ya maji huongezwa uzito kwa chumvi au kwa unga maalumu, kwa hiyo ile inayovutika kama uji inaweza kuwa na nguvu ndogo kuliko nyepesi. Mwaka juzi nilinunua dumu zima kwa sababu ya uzito huo, na kwenye kufua mara ya pili ngozi ya vidole vyangu ikachubuka. Tindikali na magadi havikuwa vimesawazishwa. Nunua chupa ndogo kwanza, paka tone lililochanganywa na maji nyuma ya kiganja, subiri, suuza. Ikiwasha, iache. Yenye alama ya TBS itangulie ile isiyo nayo.

Unga wa kupimiwa kwa kijiko kutoka kwenye gunia lililo wazi sinunui. Hauna maandishi, hauna tarehe, na hujui umechanganywa na nini.

Jiki ni ya nguo nyeupe za pamba tu, na kamwe isichanganywe na ndimu, siki wala dawa ya choo. Hewa inayotoka hapo inaunguza mapafu.

Akiba kubwa kuliko zote iko kwenye kusuuza. Kamua sana kabla ya kuitia nguo kwenye maji safi. Tuseme nguo zilizokamuliwa zimebaki na lita 2 za maji ya sabuni. Ukizisuuza mara moja kwa lita 10, sabuni inayobaki ni sehemu 1 ya 6. Zigawe lita hizohizo 10 mara mbili, lita 5 kisha lita 5, ukikamua katikati, inabaki kama sehemu 1 ya 12. Maji yaleyale, sabuni nusu. Maji ya msuuzo wa mwisho yaloweshe nguo nyeusi zinazofuata, kisha yaende chooni.

Kuna wanaosema dawa ni kushuka ziwani, maji ni bure. Jamani, kichocho kipo kwenye kingo za ziwa letu. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ya miguu umesimama tu unafua, na watoto waliokufuata ndio wanaocheza humo muda mrefu zaidi. Na povu lako linakwenda palepale mwenzio anapochota ya kunywa. Chota, panda nayo, fua mbali na ufuo, mwaga kwenye udongo.

Nguo nyeupe tandaza juu ya jiwe lililosuguliwa, zikiwa bado na unyevu mwingi, jua la saa 5 lizipige. Za rangi zigeuze ndani nje, zikae kivulini penye upepo.