Uzoefu wangu na diski ya The Dark Crystal: inunue kwa ajili ya nyuma ya pazia

Niseme mapema: diski ya 4K ya The Dark Crystal iliyotoka 2018 inastahili hela yake, na sababu kubwa si filamu yenyewe. Ni ile filamu nyingine iliyowekwa kwenye nyongeza, The World of The Dark Crystal, yenye urefu wa kama saa moja, inayoonyesha kazi ilivyofanyika. Nimeirudia mara nyingi kuliko filamu kuu, na bado naona vitu vipya.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, hii ni filamu ya watoto ya 1982 iliyoongozwa na Jim Henson na Frank Oz. Hakuna sura ya binadamu hata moja mbele ya kamera; viumbe wote ni vikaragosi. Iliigiziwa kwenye studio za Elstree, nje kidogo ya London, na mmoja wa watayarishaji wake, Gary Kurtz, ndiye aliyekuwa ametayarisha Star Wars. Sura za viumbe na mandhari zilitoka kwenye michoro ya Brian Froud. Mwaka ule ule ilitoka E.T., ikafunika kila kitu sinema. The Dark Crystal ilipata wapenzi wake taratibu, kwa mikanda ya video, na wapenzi hao mpaka leo hawajaiacha.

Sasa nyuma ya pazia. Chukua Skeksis mmoja, wale watawala wabaya wenye midomo kama ya tai. Ndani yake yumo mtu aliyenyoosha mkono juu ya kichwa chake mwenyewe, maana mkono huo ndio shingo na ndio mdomo wa kiumbe. Haoni nje. Kifuani amefungiwa televisheni ndogo inayomwonyesha kile kamera inachokiona, na anacheza kwa kuangalia hapo. Wenzake wengine wanashika mkono wa pili na kuvuta nyaya za macho na kope. Kwa hiyo Skeksis mmoja akikunja uso kwa hasira, hasira hiyo ni ya watu kadhaa waliokubaliana kwa wakati mmoja. Ukishalijua hilo, rudi kwenye karamu yao, wanavyolafua na kupokonyana chakula mezani, halafu fikiria msongamano wa watu uliopo chini ya ile meza. Mimi nilisimamisha picha kwa muda mrefu pale.

Wale Mystics wapole ndio walionitia huruma zaidi. Mchezaji alilazimika kuchuchumaa amejikunja, mkono mmoja ameunyoosha mbele kubeba kichwa cha kikaragosi, na Henson mwenyewe alipojaribu aliweza kukaa hivyo kwa sekunde chache tu. Garthim, wale askari wenye magamba ya kaa, mavazi yao yalikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 30. Kati ya picha moja na nyingine wachezaji walitundikwa kwenye vyuma, na vazi lenyewe, ili mabega yapumzike. Landstriders, wanyama wenye miguu mirefu, ni watu waliopanda magongo manne, mawili ya miguu na mawili ya mikono. Hakuna kompyuta. Kila hatua unayoiona kuna mtu aliyeipiga.

Na kuna jina ambalo sisi wa Afrika Mashariki tungelitaja mara nyingi zaidi: Kiran Shah, aliyezaliwa Nairobi, mwenye urefu wa mita 1.26. Alikuwa miongoni mwa walioingia ndani ya mavazi ya viumbe wadogo kwa ajili ya picha zinazowaonyesha mwili mzima, pale ambapo mkono wa mchezaji usingetosha. Nilipogundua hilo nilifurahi sana, na sasa kila ninayemwonyesha filamu hii namwambia.

Nyongeza nyingine iliyonigusa ni vipande vya Skeksis wakiongea lugha yao ya kubuni. Mpango wa mwanzo wa Henson ulikuwa wasiseme Kiingereza kabisa. Mtazamaji awaelewe kwa mwili na sauti tu. Filamu ilipoonyeshwa kwa majaribio watu hawakuipenda hivyo, ndipo maneno ya Kiingereza yakabandikwa juu ya midomo ambayo tayari ilikuwa imeshachezwa. Nilimwekea mpwa wangu wa darasa la tatu vipande hivyo bila kumweleza chochote. Alipomwona yule Chamberlain, mmoja wa Skeksis, aliyechezwa na Frank Oz, anavyoinamisha shingo na kusogea kwa ubavu, akasema, "Mjomba, huyu anajipendekeza tu, ana lake jambo." Kwangu mimi hiyo inatosha kuthibitisha kwamba Henson alikuwa sahihi. Natamani tungepata filamu nzima hivyo.

Mambo ya kawaida ya mnunuzi: kwenye 4K rangi za chumba cha kioo zimekolea vizuri na giza halimezi kitu. Nyuma ya pazia picha ni ya zamani, ina chengachenga, usitarajie usafi ule ule. Maandishi ya Kiswahili hayapo, kwa hiyo ukikaa na watoto uwe tayari kuwatafsiria. Diski ya 4K haisomi kwenye deki ya Blu-ray ya kawaida. Angalia kama toleo unalouziwa lina na Blu-ray ndani. Langu lilifika na kasha limepasuka, muuzaji hakujibu ujumbe, lakini diski zilikuwa salama.

Kwa mtoto wa chini ya miaka saba ningesubiri kwanza. Kuna sehemu Skeksis wanamnyonya kiumbe uhai wake kwa mwanga wa kioo, na inatisha kweli. Mpwa wangu alijificha nyuma ya mto, nikasimamisha filamu, nikamwekea kwanza watu wakivaa yale mavazi na kucheka pamoja. Baada ya hapo aliimaliza yote, na siku iliyofuata alikuwa na soksi mkononi akiuliza macho yanafungwaje.