Sahani ya kipimo iliyosukwa Mbeya: uzoefu wangu kwenye udongo wa Chunya

Kwa sisi tunaotafuta dhahabu kwa kipimo, yaani mashine ya kutambua metali ardhini, huku Chunya, sahani, ile duara yenye waya iliyo mwishoni mwa fimbo, ndiyo inayoamua utarudi nyumbani na nini. Natumia mashine ya Minelab, GPX 5000, na sahani yake ya kiwandani ya inchi 11 imenifaa kwa misimu kadhaa. Lakini dhahabu ya Lupa, eneo la machimbo la huku Chunya, inachimbwa tangu miaka ya 1920, na maeneo kama Makongolosi na Itumbi yamepitiwa na kila mwenye mashine. Vipande vya kujaza kiganja vilivyokuwa karibu na uso wa ardhi viliokotwa zamani. Vilivyobaki juu ni vipunje vya chini ya gramu moja, na sahani kubwa huvipita bila kuvisikia. Nilihitaji sahani ndogo ya inchi 8. Za Australia, za kampuni za Coiltek na Nugget Finder, ni nzuri sana, ila ukijumlisha usafirishaji na ushuru bei yake ilinishinda. Nikaamua kusukiwa, yaani fundi anizungushie waya wa sahani kwa mkono.

Fundi niliyemwendea yuko Mbeya mjini, kazi yake ya kila siku ni kusuka mota na kutengeneza redio. Nilipompigia simu kumweleza ninachotaka, alinijibu, "Kaka, niletee mashine na sahani yake, maelezo ya simu hayatoshi." Hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Kuna wengine wanaochukua oda kwa WhatsApp bila hata kuuliza ni mashine gani, na niliwahi kuona kazi ya mmoja wao kwa jirani yangu wa kambini: sahani inapiga kelele toka unapowasha mpaka unapozima.

Wa kwangu alianza kwa kuipima sahani ya kiwandani kwa mita ya LCR, inayopima tabia za koili kama hii. Akapata karibu maikrohenri 300, kipimo cha nguvu ya koili kupinga mabadiliko ya mkondo, na ukinzani usiofika omu moja. Akaniambia kwamba namba hizo ndizo tutakazozifuata, kwa sababu mashine imetengenezwa iendane nazo. Watu wengi hawalijui jambo hili. Wanadhani ukipunguza kipenyo unapunguza na waya, basi. Ni kinyume chake: duara likiwa dogo, mizunguko ya waya lazima iongezeke ili ufike kwenye thamani ileile. Sahani yangu ya inchi 8 ilichukua kama mizunguko 25, wakati ya inchi 16 ingetosha na 16 au 17.

Na waya wenyewe si wowote. Mashine za aina ya GPX hutuma umeme kwenye sahani kwa mapigo mafupi, huukata ghafla, kisha husikiliza. Chuma au dhahabu iliyo ardhini hubaki na mkondo wake mdogo kwa muda mfupi sana baada ya umeme kukatwa, na hicho ndicho mashine inachosikia. Kwa kipande kikubwa mkondo huo huchelewa kufa, kwa kipunje hufa ndani ya maikrosekunde chache. Kwa hiyo sahani yenyewe ikichelewa kutulia, kipunje kimeshanyamaza kabla mashine haijaanza kusikiliza. Waya mnene wa mota, ule mmoja mzito, wenyewe hushika mkondo na kugeuka kuwa chuma mbele ya mashine yako. Fundi alitumia waya wa nyuzi nyingi nyembamba, kila uzi na vanishi yake, ukiwa umefunikwa kwa teflon ili mizunguko isibanane mno. Waya huo ndio uliochukua sehemu kubwa ya gharama, na sijutii hata shilingi moja.

Juu ya waya akapaka rangi ya grafaiti kama kinga dhidi ya mwingiliano wa umeme, akaacha mwanya mdogo ili kinga hiyo isifunge duara kamili, maana ikifunga mashine itaisikia kama chuma. Mwisho akamimina epoksi taratibu, kwa awamu, ili isibaki na mapovu. Waya ukicheza ndani hata kidogo, kila ukigonga jiwe mashine inalia.

Nilipoipokea nilizika punje ya risasi ya gobore kwenye udongo mwekundu mgumu, kwa kina cha upana wa kiganja. Risasi ni nzuri kwa majaribio kwa sababu inaitikia karibu sawa na dhahabu ndogo. Mpangilio wa mashine ukiwa uleule, sahani ya inchi 11 ilitoa mnong'ono ambao ningeweza kuupuuza. Ya fundi ilipiga wazi, kwenda na kurudi. Baada ya hapo niliingia kwenye korongo ambalo mimi na wenzangu tulikwisha kulifuta, na nikatoka na vipunje kutoka kwenye nyufa za mawe ambako sahani kubwa haikuweza hata kuingia. Ilinifurahisha mno, nikampigia fundi nikiwa bado kule kule korongoni.

Si kwamba haina kasoro. Ni nzito kuliko ya kiwandani ya ukubwa huo, na mkono unalisikia hilo ifikapo mchana. Kebo yake ni ngumu, hivyo naifunga vizuri kwenye fimbo isitikisike. Kwa kuwa ni ya duara moja, yaani mono, penye mawe mengi ya chuma inasumbuka zaidi kuliko ya DD, yenye koili mbili za umbo la D, na pale narudisha ile ya kiwandani. Na tusitegemee kina: kwa dhahabu iliyo chini sana sahani ndogo si chombo chake. Misumari na vifuniko vya chupa vya kambi za zamani nayo inavisikia vizuri mno, kwa hiyo andaa subira na sururu.

Bei yote, waya, epoksi na ufundi, haikufika robo ya ile niliyotajiwa kwa sahani mpya kutoka nje. Nampa fundi huyu alama zote kwa upimaji wake, na pungufu kidogo kwa uzito.

Ukitaka kusukiwa, mwulize fundi maswali mawili kabla ya kutoa hela: ana mita ya LCR, na atatumia waya gani? Akijibu "waya wa mota tu", chukua mashine yako uondoke. Na kama una GPZ 7000 au GPX 6000, fahamu kwamba sahani zake zina chipu ambayo mashine huikagua. Bila chipu hiyo mashine haiikubali sahani, na kuna watu hukata kebo ya sahani halisi ili kuihamishia kwenye mpya. Mimi nisingemruhusu mtu aguse kebo ya mashine ya bei ile. Kwa GPX 4500 na 5000 hakuna kikwazo hicho, na nimeshaacha oda ya pili: inchi 16, kwa ajili ya tambarare za Matundasi.