TAHADHARI: Fundi wa keria za nyuma za Land Cruiser, Malindi

Jamani wenye magari ya porini hapa Malindi, nanyi mnaokuja na njia ya Garsen hadi Mokowe, someni hii kabla hamjatuma arbuni.

Kuna fundi wa kuchomelea anayejitangaza kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba anaunda keria za nyuma kwa kipimo cha gari lako: mkono wa tairi la akiba upande mmoja, wa madumu upande wa pili. Jina silitaji, mtamjua kwa mwendo wake. Anadai zaidi ya nusu ya pesa kwanza, na ukituma M-Pesa jina linalotokea si lake. Picha anazoonyesha si kazi zake. Zikuzeni muone: nyingine zina magari yenye nambari zinazoishia GP, hizo ni za Afrika Kusini.

Keria niliyokabidhiwa iling'aa, nyeusi, huoni mshono hata mmoja. Ilikatika njia ya geti la Sala, la kuingilia Tsavo Mashariki. Tairi likaburutwa, dumu la petroli likapasuka. Namshukuru Mungu hapakuwa na cheche wala pikipiki nyuma yangu. Fundi mwingine alipokwangua rangi, yote yakawa wazi: viungo vimeshikizwa kwa nukta nukta tu, juu vikapakwa fila, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bodi, na kusuguliwa. Mkono wa tairi ulibebwa na bawaba za geti, badala ya spindo, yaani mhimili wa kuzungukia, yenye beringi. Na kitako hakikufika kwenye chesisi, kilifungwa kwenye bati la bampa!

Tulikubaliana tyubu ya mraba ya 50 kwa 50, unene milimita 3. Alitia ya 1.5 na kuziba ncha zote, kwa nje hujui. Sasa pigeni hesabu. Madumu mawili ya lita 20 yakijaa maji ni kilo 40, madumu yenyewe hujayatia. Tairi la Land Cruiser na rimu yake ya chuma linapita kilo 30. Mzigo wote huo unaning'inia nyuma ya ekseli, na kila shimo linaurusha juu na kuushusha kwa kishindo. Huu ni uuaji, si wizi wa chuma tu.

Kwa fundi yeyote yule, kataeni rangi isipakwe kabla hamjaiona keria ikiwa chuma kitupu. Tyubu ipimwe kwenye mizani kabla haijakatwa: mita moja ya milimita 3 inapita kilo 4, ya 1.5 haifiki hata kilo 2 na nusu. Kama imeshazibwa, mwambieni atoboe tundu dogo upande wa chini. Tundu hilo linahitajika hata hivyo, maana hewa yetu ya chumvi huacha unyevu ndani na chuma huliwa kimyakimya. Na kwa waya uliopindwa ncha mtapima unene papo hapo. Iliyokwisha pakwa rangi, pitisheni sumaku kwenye viungo. Penye fila nene haishiki vizuri.

Mliokwisha mlipa, msifute ujumbe wa M-Pesa wala mazungumzo. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na wakili si lazima. Na kama keria yake iko kwenye gari sasa hivi, shusheni madumu na tairi leo, msingoje safari.