Kulala ndani ya gari Saadani: uzoefu wetu na gari la kukodi

Mimi na mume wangu tumetoka Hifadhi ya Taifa ya Saadani juzi, tulikolala ndani ya gari la kukodi badala ya hoteli. Naandika kwa ajili ya wengine wanaofikiria safari kama hii, hasa wanandoa wa hapa nyumbani, maana watu wengi bado wanaamini magari haya ni ya wageni tu.

Gari lenyewe lilikuwa Hiace ya paa refu, inayovuta magurudumu yote manne. Viti vya nyuma vimeng'olewa, pamewekwa kitanda cha watu wawili, friji dogo, jiko la gesi, tangi la maji na paneli ya sola juu. Unalipia kwa siku, unaacha amana, na kilomita zina kikomo. Injini haikutusumbua popote, breki nzuri, matairi mapya. Godoro nalo ni la maana, si kale ka sponji kanakolala chini ukikakalia.

Tatizo lilikuwa neti, na kwa pwani neti ndiyo gari lenyewe. Usiku wa Saadani una joto la unyevunyevu. Ukifunga madirisha unalowa jasho, ukifungua bila neti mbu wanakumaliza. Neti za madirisha ya pembeni zilikuwa sawa, ila ile ya mlango wa kuteleza, iliyo kubwa kuliko zote, ilikuwa na zipu ya chuma iliyoliwa na chumvi. Meno yalikuwa yameota kutu ya kijani, na kishikizo kiligoma katikati. Mume wangu akaipaka mshumaa, ikasogea hadi kwenye kona, kisha meno yakaanza kuachana nyuma yake. Tukaziba kwa kanga yangu na pini. Nikamwambia, "Baba Zawadi, geuza gari mlango uangalie baharini." Kusi ilikuwa inavuma vizuri, ikaingia kupitia kanga, tukalala mpaka alfajiri. Tuliporudisha gari niliwaonyesha, wakakubali bila ubishi na kutupunguzia malipo ya usiku mmoja. Nashukuru kwa hilo, lakini kampuni inayopeleka magari pwani iweke zipu za plastiki. Wewe unayekodi, fungua na ufunge kila zipu kabla hujasaini chochote.

Friji lilitufundisha namna ya kuegesha. Mchana unataka kivuli ili ndani pasiwe tanuri, ila paneli ikiwa kivulini haichaji, na betri ya pili, ile inayoendesha friji, inashuka. Tulichofanya ni kuzunguka na gari asubuhi kutazama wanyama, injini ikachaji betri, halafu saa za jua kali tukakaa chini ya mti. Samaki hawakuharibika.

Sasa faida za kulala humo ndani. Saadani ndiyo hifadhi ya taifa pekee ya Tanzania Bara inayogusa Bahari ya Hindi. Ndani ya hifadhi huruhusiwi kuzurura na gari usiku. Anayelala nje anasubiri geti lifunguliwe na kusafiri kwanza, wakati sisi kunapambazuka tayari tuko humo, chai mkononi. Twiga walikuja kula majani ya mgunga karibu kabisa na njia. Mmoja alituangalia huku akitafuna, ulimi mweusi ukizunguka miiba taratibu, na hatukuwasha injini mpaka walipoondoka wenyewe. Kuro na ngiri ni wengi. Simba hatukuwaona, na anayekuja kwa ajili ya simba peke yake aende kwingine.

Mto Wami liache gari, panda boti. Viboko, mamba, mdiria kwenye matawi ya mikoko, na mahali maji ya mto yanapokutana na chumvi unaona rangi inavyobadilika. Kwangu hiyo ndiyo sehemu bora ya safari nzima.

Kuhusu rangi ya gari: letu lilikuwa bluu iliyokolea. Mbung'o wanavutwa na bluu na nyeusi, na wanafuata kitu kinachotembea, kwa hiyo upande wa Mkwaja, kaskazini mwa hifadhi, walitufuata kundi zima. Huko palikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe iliyofungwa mwaka 2000, na ugonjwa wa nagana unaoenezwa na mbung'o ulichangia sana kuishinda. Kama kampuni ina gari jeupe, chukua hilo, na uvae nguo za rangi ya udongo.

Jambo ninaloliomba kwa dhati ni hili. Msipeleke gari ufukweni. Wakati wa bamvua maji yakipwa yanaenda mbali sana, mchanga unabaki mgumu na mpana, na mtu anatamani. Kasa wanataga pale, ufukwe wa Madete hasa, na uzito wa gari unashindilia mchanga uliofunika mayai. Alama za matairi nazo ni mitaro mirefu kwa kitoto cha kasa kinachojikokota kwenda majini. Mkataba wetu ulitaja mikwaruzo, pancha na vioo, lakini haukusema neno juu ya hili. Nimewaandikia waongeze kipengele.

Barabara: tulipitia Chalinze hadi Mandera, halafu vumbi kama kilomita 60. Kiangazi Hiace inatosha. Masika usithubutu, udongo mweusi wa kule ukilowa unanasa hata Land Cruiser. Jaza tanki Chalinze, beba maji ya kunywa ya kutosha, na malipo ya hifadhi yafanye kwa kadi au kwa namba ya malipo, fedha taslimu hawapokei. Funga madirisha unapotoka kambini, nyani wanajua magari ya chakula.

Wenye gari wana sharti moja nililolipenda: lazima lioshwe chini kwa maji yasiyo ya chumvi kabla ya kurudishwa, kutoa chumvi. Tulioshea Chalinze, kijana akalala chini kabisa na mpira wa maji mpaka tope la kijivu likaisha. Amana ilirudi yote siku hiyo hiyo.