Rupia ya 1891 Iliyosuguliwa: Tuipe Thamani Gani?

Watazamaji wangu, karibuni. Sarafu iliyo mezani leo ni rupia moja ya fedha ya mwaka 1891, ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ile Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft ambayo jina lake mnaliona kwenye upande huu wenye simba na mnazi. Upande wa pili yupo Kaisari Wilhelm wa Pili, amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Inang'aa kupita kiasi kwa umri wake, na mng'ao huo ndio ulionitia shaka kabla sijaigeuza.

Kwa uzito sina neno. Rupia hizi zilipigwa kwa kipimo kile kile cha rupia ya India, ambayo wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameizoea tangu zamani: gramu 11.66, fedha ikiwa sehemu 917 katika kila 1,000. Hizo ni takriban gramu 10.7 za fedha tupu, na bei ya fedha hiyo siku ya mauzo ndiyo thamani ya chini kabisa ya sarafu hii, hata ikwaruzwe namna gani.

Tatizo liko usoni. Sarafu inapopigwa kwa mhuri, madini husukumwa kutoka katikati kuelekea ukingoni na kuacha mistari midogo mno isiyoonekana kwa macho matupu, na mistari hiyo ndiyo inayoufanya mwanga uzunguke juu ya sarafu unapoinamisha chini ya taa moja. Tazameni ninavyoinamisha hii: mwanga hauzunguki, bali unawaka wote kwa pamoja na kuzimika wote kwa pamoja. Kwa lenzi ya kukuza mara 10 ninaona mikwaruzo myembamba iliyolala upande mmoja, na pembeni mwa herufi madini yamerundikana kidogo, dalili ya brashi ya waya inayozungushwa kwa mashine. Mtu aliyetumia majivu, ndimu au dawa ya meno huacha alama tofauti, mara nyingi duara duara, huku uchafu ukibaki kwenye mashimo ya herufi. Weusi ambao fedha huupata kwa miaka mingi si uchafu, na nawasihi sana mlio na sarafu za wazee wenu majumbani msiuguse.

Sasa angalieni ukingo, juu kabisa ya kofia ya Kaisari. Pana doa la rangi ya kijivu na meno ya ukingo yamefifia: hapo sonara alilehemu kitanzi, ili sarafu ivaliwe shingoni, kisha mtu mwingine akakikata na kusugua sarafu nzima ili kuficha kazi hiyo. Binafsi ningeipenda zaidi kama kitanzi kingebaki, kwa sababu ingeuzwa kama pambo halali lenye historia yake, badala ya sarafu inayojifanya haijaguswa.

Kama mngeikuta imepakwa vanishi, hapo pangekuwa na nafuu, kwani asetoni halisi huiondoa vanishi bila kuila fedha. Ila fanyeni kazi hiyo mahali penye hewa, mbali na moto. Madini yaliyokwisha kuondolewa kwa brashi hayarudi.

Kampuni za Marekani kama PCGS na NGC, zinazopanga sarafu kwa daraja la 1 hadi 70, kwa kawaida haziipi sarafu ya namna hii namba ya daraja. Huthibitisha kwamba ni halisi na kuitaja kasoro yake kwenye kasha wanamoifunga. Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha bei ya mnadani ya rupia ya 1891 ambayo haijasuguliwa, bei hiyo haiihusu hii. Mimi ningelipa thamani ya fedha yake na nyongeza ndogo tu, na ningechagua kwanza rupia iliyolika kwa kupita mikononi mwa watu sokoni, ijapokuwa sura ya Kaisari imefutika nusu. Ningelegeza msimamo kwa sarafu za thamani ya rupia mbili za 1893 na 1894 pekee, kwa sababu zilipigwa chache mno, kiasi kwamba hata iliyosuguliwa hupata mnunuzi. Hata hivyo bei yake ipatanwe baada ya ukingo kukaguliwa kwa lenzi.